Nilichosema Matangani Kikole

Siku Shabani aliponizika nilikuwa nimelala chini ya roli, mchana kweupe, kwenye gereji moja ya Lindi.

Nilikuwa nimeshinda nikifungua gia boksi tangu asubuhi. Nikala muhogo wangu, nikatandika gunia chini ya chasisi, nikasema nipumzike kidogo. Shabani akanikuta nakoroma. Akachukua turubai la mizigo akanifunika gubigubi, akakaa upande wa kichwani akaanza kulia kwa sauti. Nilipozinduka, mafundi wote na mama wa maandazi walikuwa wamenizunguka, naye anawaeleza kwamba Mmakonde amekufa kwa kuvimbiwa panya, kwamba alikuwa mtu mwema ingawa mchafu, na kwamba anayezitaka spana zake ajiandikishe mapema. Nilipotoa kichwa nje ya turubai alinirudisha chini kwa nguvu.

"Marehemu, tulia," akasema. "Hatujamaliza kukusema."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata mimi nilicheka, na vumbi la turubai likinijaa puani.

Yeye alikuwa Mmatumbi wa Kikole, huko Kilwa. Mimi ni Mmakonde, wazazi wangu walihama Newala wakaenda Rondo kutafuta ardhi ya kulima. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki. Yeye dereva, mimi fundi wake. Wazee wa pale gereji walikuwa wakibishana kama Wamatumbi na Wamakonde ni watani wa tangu mababu au huu wetu ni utani wa kuokota barabarani. Sisi hatukusubiri wamalize. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukifiwa, anakuja kufanya vituko msibani ili wafiwa wapumue. Ukifa wewe, ndiye anayejilaza kaburini mwako na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Na katika utani, anayekasirika ndiye aliyeshindwa.

Juu ya hayo sisi wawili tulikuwa na sheria yetu wenyewe. Mmoja akiogopa jambo, mwenzake akamcheka mara tatu, na bado akakataa kulifanya, basi atafunga kanga kiunoni na kupika siku tatu mbele ya watu. Mimi niliifunga mara mbili. Mara moja Shabani alikuja mbio akanishika bega, uso umemsawijika, akasema, "Mtani, leo si utani, kuna nyoka koboko kwenye injini." Nikakataa kufungua boneti. Kulikuwa na kipande cha mpira. Yeye hakuwahi kuifunga kanga hata siku moja, na alijivunia hilo kuliko leseni yake.

Sheria hiyo ndiyo iliyomuua. Sheria hiyo, na mimi niliyeitumia, na tajiri wetu. Kila ninapokisema kisa hiki watu hunipoza, wananiambia ni Mungu. Nimechoka kusikia Mungu akisingiziwa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yakaanza kujaa sabuni na vitambaa, na watu waliokuwa wakifanya biashara kwa kujificha wakatoka hadharani wakaitwa wafanyabiashara. Tajiri wetu alikuwa mmoja wao. Simtaji jina, wajukuu zake wako Lindi na hawana kosa. Aliwahi kuona jambo ambalo wenzake hawakuliona: ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, watu walikuwa vitani na hawana chumvi.

Vita ile sisi tuliikuta ikiwa imeshazoeleka. Walikuwa wamemtoa Mreno, kisha wakageukiana. Waasi walitoka porini wakachoma magari na vijiji, wakarudi porini. Serikali ilishika miji na vipande vya barabara. Mtu anaweza kuishi bila sabuni, akavaa gunia akaishi. Bila chumvi anavimba na kudhoofu, na hilo tajiri alilijua vizuri.

Akanunua roli kuukuu huko huko ng'ambo, likawa linalazwa kwenye uwanja wa misheni moja upande wa kusini wa mto. Chumvi ya Lindi ilipelekwa kwa gari mpaka Ruvuma, ikavushwa kwa mitumbwi gunia kwa gunia, ikapakiwa kwenye lile roli, halafu mimi na Shabani tukaipandisha uwandani, tambarare ya juu ilikouzwa, mwendo wa kutwa nzima. Tukirudi tulipakia korosho. Kimakonde cha kule ni kile kile cha mama yangu, kwa hiyo kwenye vizuizi mimi ndiye niliyesema. Shabani aliendesha.

Magari hayakwenda peke yake. Mara mbili kwa juma yalikusanyika, askari wakapanda la mbele na la nyuma, ndipo msafara ukaondoka. Safari nyingine tulingoja siku nne. Tulichokiona njiani kilitufundisha kungoja. Kuna roli tulilipita limeungua, na dereva wake aliyeungua alikuwa bado ameshika usukani. Shabani alisema "Innalillahi," akabadilisha gia. Kwenye kijiji kimoja alitufuata mwanamke aliyekatwa masikio yote mawili. Aliuliza kama tuna chumvi. Tulimpa. Hakuomba kitu kingine.

Kabla ya kila safari Shabani alitandika mkeka nyuma ya roli akasali rakaa mbili. Akimaliza hakuinuka. Alikaa pale pale kimya, mikono magotini, muda wa mtu kunywa kikombe cha chai. Nilimuuliza mara ya kwanza anafanya nini.

"Namsikiliza."

"Nani?"

"Aliyeniumba. Wa kwako alizoea kukusemesheni Kilatini, ndiyo maana mpaka leo hamumwelewi."

Kisha aliinuka, akakunja mkeka, akasema, "Twende." Safari sita alisema "Twende." Nami nilimtania kuhusu mkeka ule kila mara, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nikingoja neno lile kabla ya kuingiza mkono kwenye injini. Mimi nilikuwa na rozari mfukoni na niliutegemea mkeka wa mwenzangu.

Safari ya saba, barua ya tajiri ilivuka mto pamoja na chumvi. Ilikuwa fupi. Tusingoje askari. Kuna mtu wa Mtwara amepakia chumvi, na akifika uwandani kabla yetu, bei itaharibika. Tuondoke kesho yake asubuhi. Halafu mwishoni akaandika: Mungu yuko pamoja nanyi.

Mstari ule wa mwisho ndio ninaouchukia. Angeandika amri zake zote akaishia hapo, ningemwona mchuuzi tu.

Asubuhi yake Shabani alisali kama kawaida. Kutoka uwanja wa misheni unaiona njia panda ambapo kina mama hukaa kuuza viazi vya kuchemsha. Nilikuwa nikikaza nati za gurudumu. Alikaa kwenye mkeka muda mrefu kuliko siku zote, mpaka nikamaliza gurudumu la kwanza na la pili. Alipoinuka hakuukunja mkeka.

"Leo hatuendi," akasema.

"Kwa nini?"

"Nimeuliza, nimejibiwa. Na wale mama wa viazi hawajaja."

Nilitazama. Kweli njia panda ilikuwa tupu. Lakini Jumapili ile mtoto wangu wa kwanza alikuwa abatizwe Lindi, na nilikuwa nimepiga hesabu ya siku kwa vidole: kupanda, kushuka, kuvuka, basi. Tukingoja msafara, mtoto angebatizwa bila baba. Nilitaka kuwahi kanisani. Ndiyo sababu yangu, sina nyingine, na nimeitafuta kwa miaka mingi.

Nikaanza kumcheka.

Nikawaita wapishi wa misheni na vibarua waliokuwa wakipakia, nikawaambia kwa Kimakonde kwamba Mmatumbi ameona viazi havipo akaona kifo. Wakacheka. Hiyo mara moja. Nikasema Wamatumbi wana mguu mmoja mfupi kwa kuzaliwa milimani, kwa hiyo barabara iliyonyooka huwatia hofu. Mara mbili. Halafu nikaenda kwa mpishi mmoja nikamwomba kanga yake, nikaja nikaitundika kwenye usukani.

Shabani aliitazama ile kanga. Ilikuwa ya njano. Kisha akanijia karibu akasema polepole, ili wengine wasisikie.

"Mtani, leo si utani."

Ni maneno yale yale ya koboko. Ni maneno ambayo yeye na mimi tulikuwa tumeyatumia mara nyingi kumwingiza mwenzake mtegoni, kwa sauti ile ile na uso ule ule. Asiye na mtani angeyasikia maneno hayo akaacha kucheka. Mimi niliyasikia nikaona amekwisha, anaomba njia ya kutokea. Nikacheka mpaka nikainama.

Akaingia kwenye roli. Akaichukua kanga akaitupa nje ya dirisha. Akawasha.

Hakuniambia "Twende." Niliruka nikapanda roli likiwa limeshaanza kuondoka.

Tulikwenda saa mbili bila kukutana na mtu. Hakuna baiskeli, hakuna mbuzi. Shabani hakusema neno, nami nilidhani amenuna, nikafurahi kwamba hatimaye nimemshinda.

Kwenye kilima kimoja roli lilipunguza mwendo kwa sababu ya mzigo.

Nilisikia kioo.

Halafu nikasikia bunduki, baada ya kioo. Nikajikuta chini, kifua kwenye miguu ya Shabani, na mguu wake ukiwa bado umekanyaga mafuta. Roli likapanda kidogo, likapinda, likaegemea ukingo.

Kitu cha moto kilinidondokea shingoni. Nilidhani ni maji ya rejeta.

Nilimwita. "Shabani." Nikamwita tena.

Mlango ukafunguliwa.

Walikuwa kumi au zaidi, wengine peku. Walinitoa kwa ukosi wa shati. Nilipiga kelele kwa Kimakonde, sijui nilisema nini, na mmoja wao, mtu mzima wa umri wangu, akawazuia wenzake. Akaniambia nishushe chumvi. Nilishusha. Nilibeba magunia ya tajiri mpaka mgongo ukachubuka, nikiwapangia porini vizuri kana kwamba ni ghala. Yule mtu alisimama karibu akinitazama, mwishowe akauliza kwa lugha ya mama yangu, bila hasira:

"Mbona mmekuja bila askari? Aliyewatuma hajui?"

Ni swali la haki kuliko yote niliyopata kuulizwa kuhusu siku ile, na aliyeliuliza ni muuaji.

Waliniacha nimtoe Shabani kabla ya kulichoma roli. Nilimvuta kwa makwapa mpaka kwenye kivuli. Risasi ilikuwa imeingia chini ya sikio. Uso wake ulikuwa mzima, na nilikaa naye hivyo mpaka jua likapita kichwani, nikimfukuzia nzi kwa kofia yangu.

Askari walikuja alasiri, walikuwa wameuona moshi. Hawakukubali kumbeba, wala gari lao halikuwa na nafasi, wala hawakutaka kukaa pale. Walinipa majembe mawili na nusu saa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa Mwislamu. Nilimwosha kwa maji ya dumu la rejeta la gari lao, mara tatu, kwa sababu nilikumbuka namna alivyokuwa akitawadha. Askari mmoja alitoa shuka lake. Nilimlaza ubavu wa kulia, nikamwelekeza uso kule alikokuwa akiuelekeza mkeka wake safari zote saba, kwa kuwa upande huo niliujua kuliko dua yoyote. Dua sikuwa nayo. Nilitaja jina lake, na la mama yake, na la kijiji chao. Nikasema: huyu ni Shabani, mtoto wa Somoe, wa Kikole. Kisha nikafukia.

Mtoto wangu alibatizwa Jumapili ile. Mimi nilikuwa bado kwenye kambi ya askari, nikihojiwa.

Nilipofika Lindi nilikwenda kwa tajiri kabla ya kwenda kwangu. Alilia, sisemi hakulia. Alishika kichwa akasema Mungu amempenda zaidi. Alipomaliza kupangusa macho akaniambia, "Ukifika Kikole sema ajali ya gari. Ukisema vita itabidi nieleze kwa nini hamkungoja askari."

"Kwani kwa nini hatukungoja?" nikamuuliza.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake. Akasema mambo ya Mungu hayana kwa nini.

Nilipanda basi la asubuhi. Nikashuka Nangurukuru, kwenye vibanda vya chakula ambako Shabani alikuwa akisimama kula wali wa maharage, na mama wa kibanda akanisalimu akauliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema anakuja. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kuhusu kifo chake katika wilaya ya Kilwa, uongo kwa muuza wali. Kutoka hapo nilichukua njia ya Kikole nikijiapiza kwamba huko nitasema kweli.

Bi Somoe alikuwa akitwanga. Nilisema, "Shikamoo mama." Akasema, "Marahaba, baba," akatazama nyuma yangu kuona kama kuna mwingine. Alipoona hakuna, aliuweka mchi chini taratibu, akakaa juu ya kinu. Nilimwambia Shabani amekufa kwa risasi, Msumbiji, na kwamba nimemzika kwa mikono yangu. Hakupiga yowe. Aliuliza upande gani nimemwelekeza, nikamwonyesha kwa mkono. Waliopiga yowe ni majirani.

Matanga yakaanza siku hiyo hiyo. Kisomo kilisomwa, watu wakaja kutoka Kilwa Masoko na vijiji vya jirani, nami nililala barazani na wanaume siku mbili. Kila aliyenipa mkono aliniambia ni amri ya Mungu. Mwalimu wa madrasa, mzee mpole aliyemfundisha Shabani alifu kwa kijiti, alinikalisha pembeni akanieleza kwamba siku ya mtu ikifika haisogei mbele wala nyuma.

"Mwalimu," nikamwambia, "alisali rakaa mbili. Akauliza. Akajibiwa asiende. Aliniambia mwenyewe."

"Na kwenda kwake pia kulikuwa kumeandikwa."

"Na barua ya tajiri? Nayo iliandikwa mbinguni? Na mimi kumtundikia kanga?"

Alinishika mkono. Alikuwa na mkono mkavu na mwepesi. Akasema nimechoka, nipumzike. Nilitaka kuuchomoa ule mkono wangu. Mtu ananieleza kwamba Mungu alimwambia Shabani asiende kwa sikio moja na kumwandikia aende kwa mkono mwingine, halafu anadhani ananituliza. Mungu wa namna hiyo hata utani hajui. Niliyasema hayo moyoni tu, kwa heshima ya mvi zake, na mpaka leo najuta kwamba sikuyasema kwa mdomo, maana labda alikuwa na jibu.

Siku ya tatu, ya kuondoa matanga, tajiri akaja kwa gari lake na mchele. Akakalishwa kwenye kiti, sisi wengine kwenye mikeka. Akasimama akasema maneno mazuri. Kijana mwaminifu, mchapakazi, Mungu amempenda zaidi, sisi ni nani. Watu wakaitikia.

Chakula kilipokuwa kinangojwa, mjomba wa Shabani akanigeukia. Kila mtu alijua nilikuwa nani.

"Haya mtani," akasema. "Siku tatu umekaa tu. Fanya kazi yako, watu wamelemewa."

Ilikuwa haki yao. Walitaka niigize Shabani akiendesha, nimtukane marehemu, nijilaze mlangoni nizuie watu kupita. Nami nilikuwa nimengoja watu wote wawe pamoja na tajiri awepo. Nikasimama katikati ya uwanja.

Nikasema: "Shabani hakuuliwa na Mungu. Shabani aliuliwa na watu wawili. Mmoja ni huyu aliyeleta mchele. Aliandika barua tusingoje askari, ili chumvi yake isiharibikiwe bei. Wa pili ni mimi. Mwenzangu alisema tusiende, nikamcheka mbele ya watu, nikamletea kanga ya mwanamke, mpaka akaona afadhali kufa kuliko kuifunga. Tumemuua sisi, tuko hapa tunangoja wali."

Mjomba alimtazama tajiri, akanitazama mimi.

Halafu mjomba akaanza kucheka. Alitikisa mabega kwanza, kisha akapiga paja. Wa pili akafuata, kisha baraza zima. Kina mama waliokuwa kwenye masufuria wakaitana waje wamsikilize Mmakonde. "Eti tunangoja wali," mmoja akarudia, akapangusa machozi. Siku tatu walikuwa wamejifunga roho, na sasa nimewafungulia. Niliwaona wakipumua. Tajiri alicheka kuliko wote, akitingisha kichwa, akisema, "Huyu hafai, huyu."

Nikasema tena. Nikasema nasema kweli. Wakacheka zaidi.

Nikapandwa na hasira, nikapiga kelele. Nilimwonyesha tajiri kidole nikamwita muuaji kwa jina lake lote, la baba na la babu. Hapo ndipo baadhi yao walilala chini kabisa. Mtani anayejifanya amekasirika kweli, hakuna kichekesho kinachompita. Shabani mwenyewe angenisifu.

Sikuwa na kitu kingine cha kuwaambia, kwa sababu kitu pekee kilichobaki kilikuwa ni kusema, "Leo si utani." Nilifungua mdomo nikalikumbuka roli, nikaufunga.

Nilikaa. Mtu akaniletea sinia langu peke yangu, lililojaa, kama mtani aliyefanya kazi nzuri anavyostahili.

Asubuhi yake nilikuwa nikifunga mfuko wangu Bi Somoe akaniita nyuma ya nyumba. Alikuwa amejifunga kaniki, amekaa kwenye mkeka, hajalala.

"Hayo ya jana," akasema. "Ya kanga."

"Ndiyo mama."

"Ilikuwa rangi gani?"

Nikamwambia ilikuwa ya njano.

Kuku walikuwa wakiparua kwenye jivu la masufuria ya jana. Kisha akauliza, "Na kusali alisali?"

"Alisali. Alisema amejibiwa tusiende."

"Basi mwanangu alimsikia Mola wake." Alisema hivyo kama mtu anayeweka kitu mahali pake. "Wao wamecheka, maana wewe ni mtani wao. Mimi nimekusikia. Mtani hana neno la kulipia, hata mbele ya mama, ndivyo tulivyolelewa, siwezi kukushitaki popote. Lakini kwangu usije tena."

Nikasema, "Nimesikia, mama." Nikampa mkono, hakuupokea, nikaondoka.

Yamepita miaka mingi. Vita ile ng'ambo ilikwisha, walitia saini, wakapeana mikono, na mimi bado nafungua gia boksi. Tajiri alikufa kitandani kwake, akaombewa na watu wengi. Kanisani naenda kila Jumapili kwa sababu mke wangu huenda, na kwa sababu pengine Mungu ndiye pekee anayejua kwamba hakuhusika. Ila kwenye ile sala tunayosema wote, tukifika pale tunapomwambia afanye atakalo, nanyamaza, halafu naendelea na wenzangu. Padri mmoja aliligundua hilo akaniuliza. Nikamweleza. Akaniambia niungame na Mungu atanisamehe. Nikamwambia Mungu sikumkosea mimi, yeye alisema neno lake mapema kabisa. Niliyemkosea yuko Kikole, naye amenipa hukumu yangu, na sitaki padri anipunguzie.

Mwaka jana alikuja mtu kutoka kwa akina Shabani. Bi Somoe amefariki, na ndugu wamesema mtani aje, kwani wanakumbuka alivyowachekesha kwenye matanga ya mwanawe, hawajacheka tena vile. Nauli walikuwa wameniletea kabisa. Nilimrudishia. Nikamwambia siji. Akauliza awaambie nini, nikasema waambie mtani amekataa. Alikasirika, akasema hajapata kuona mtani wa namna hii, anayeacha kuja kumzika mama wa mwenzake.

Nilimwacha aseme. Mwenye nyumba alikuwa amenikataza.